Mwangushe, Bwana, Apate Kurudi

Kanisani kwetu Wete tulikuwa watu kumi na mmoja, na ukimtoa mwanawe, Bi Dosia ndiye pekee aliyezaliwa Pemba. Sisi wengine tulikuwa watu wa kazi: walimu wawili, mtu wa benki, bwana mifugo, muuguzi, na wake zetu au waume zetu. Tulikuja kwa barua za uhamisho na tulijua tutaondoka kwa barua za uhamisho. Yeye hakuwa na pa kuhamia. Baba yake, fundi mwashi wa Bonde, alivuka kutoka Tanga akiwa kijana, akajenga nyumba za watu kisiwani, akazeeka, akazikwa hapo hapo. Jina la ubatizo la binti yake lilikuwa Theodosia, lakini mji ulimwita Bi Dosia, na hapakuwa na mzazi asiyejua cherehani yake ilipo.

Alishona sare za skuli, na zaidi alishona majuba na mitandio ya watoto wa madrasa. Mkono wake ulikuwa safi. Juba lake halikuvutika begani wala halikufumuka kwapani, na mama wa Kiislamu waliotoka mbali walipita mafundi wengine watatu ili wafike kwake. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bi Mwanabaraka, alikuwa shoga yake tangu wakiwa wasichana. Sikukuu zikifika, sahani zilipita kutoka nyumba hii kwenda ile, na nyingine zilirudi zikiwa zimejaa.

Mume wa Bi Dosia alifariki mtoto wao Haruni akiwa na miaka tisa. Alimlea peke yake. Haruni akawa kijana mrefu, mpole, msomaji wa masomo kanisani, na kwa kuwa tulikuwa wachache, kila mmoja wetu alimhesabu kuwa wake.

Alipofika miaka ishirini na mitatu, alirudi nyumbani jioni moja akamkuta mama yake anakunja vitambaa.

"Mama, nnataka kukwambia jambo, na nnataka ulisikie kwangu, si kwa watu."

"Sema."

"Nnamuoa Asya wa Mzee Kificho, wa Kiuyu. Na nimeshasilimu."

Bi Dosia alimjua Asya vizuri. Alimpima mabega yake mwenyewe tangu akiwa na miaka kumi na miwili, akamshonea majuba mpaka alipomaliza masomo. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: kwamba vijana hao walionana mara ya kwanza pale pale, mbele ya cherehani yake, naye yuko katikati yao na pini mdomoni.

"Hata jina silibadilishi, mama," Haruni alisema. "Haruni ni Haruni, huku na huku."

"Mimi nilikukabidhi kwa Mungu," akamjibu. "Na weye umejitoa mikononi mwake. Basi usinijie."

Haruni alikwenda. Baada ya miezi miwili akarudi, akapiga hodi. Bi Dosia alikuwa anashona. Aliisimamisha cherehani kwa kiganja, akakaa kimya.

"Mama, nimeisikia cherehani," Haruni alisema kutoka nje.

Alisubiri, kisha akaweka kifurushi cha tende kizingitini, akaondoka. Alikuja mara mbili nyingine katika miaka minne iliyofuata, na mara zote mbili mlango haukufunguliwa.

Jumatano ilikuwa siku yetu ya maombi. Tulikaa katika duara baada ya kazi, kila mtu akataja haja yake, wengine tukaitikia. Haja ya Bi Dosia ilikuwa moja. Alisimama, akafumba macho, akasema kwa sauti ambayo haikutetemeka: "Bwana, mrudishe Haruni. Kama hataki kurudi kwa wema, basi mwangushe. Mwangushe, Bwana, apate kurudi."

Nasi tuliitikia, Amina. Nalitaja hili kwa sababu nami niliitikia, kila Jumatano, bila kufikiri nilichokuwa nakikubali.

Mtu aliyemzuia alikuwa Mwinjilisti Nyange. Huyu alikuja Pemba zamani akiwa bwana shamba, akastaafu, akabaki, akawa ndiye mchungaji wetu kwa kuwa mchungaji halisi hatukuwa naye. Siku moja tulipotawanyika alimfuata Bi Dosia mlangoni.

"Dada Dosia, kila Jumatano unampa Mungu maagizo."

"Nimwombe nini basi? Mwanangu amepotea."

"Mtume aliyetuandikia nyaraka, alipokuwa kifungoni, aliwaombea watu ambao hata sura zao hakuwahi kuziona. Hakuwaombea mali wala amani. Aliomba wajazwe hekima na ufahamu wa rohoni, wayajue mapenzi ya Mungu. Omba hivyo."

"Nimwombee Haruni hivyo?"

"Hapana. Jiombee weye."

Bi Dosia alikasirika. Wiki mbili hakuja kanisani. Alituambia baadaye kwamba aliona kama mtu aliyeibiwa kisha akaambiwa achunguze tabia zake mwenyewe. Lakini ya tatu alikuja, na ilipofika zamu yake alisimama, akanena kwa shida, kama anayemeza dawa chungu: "Mungu, nipe hekima. Nipe kufahamu." Akaketi.

Aliendelea hivyo miezi. Hatukuona kitu. Yeye mwenyewe hakuona kitu, mpaka alipojikuta alasiri moja amekata kitambaa cha maua madogo madogo, kipimo cha mtoto wa miaka miwili. Bi Mwanabaraka alikuwa amemwambia zamani kwamba Asya amejifungua msichana, anaitwa Nihal, na yeye alikuwa amejibu, "Sikukuuliza." Sasa alikuwa amekaa na gauni mapajani, tayari limepigwa pindo, na hakujua lini aliamua kulishona.

Alilipeleka kwa mkono wa Bi Mwanabaraka. Jibu la Haruni lilirudi baada ya siku tatu, kwa mdomo: "Mwambie mama limemtosha. Msimu wa karafuu ukipoa nitakuja na mtoto, kama atafungua."

"Mwambie ntafungua," alisema Bi Dosia.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa sana. Kila mwenye miguu ya kupanda alikuwa juu, na kwenye majamvi njia nzima karafuu zilianikwa, mji ukanuka karafuu mpaka ndani ya vyungu. Haruni alikuwa akichuma katika shamba la ukoo wa mkewe, upande wa Mtambwe. Jumanne moja asubuhi, Bi Mwanabaraka aliingia kwa Bi Dosia bila hodi, kanga haikumkaa vizuri kichwani.

"Dosia, vaa twende. Haruni kaanguka."

Bi Dosia hakuuliza kaanguka wapi. Aliniambia kwamba Bi Mwanabaraka aliendelea kusema, mkarafuuni, tawi, hospitali, lakini yeye alikuwa ameshika neno moja tu, na neno hilo lilikuwa lake. Alikuwa amelisema kwa miaka mitatu na zaidi.

Walimkuta kitandani, mgongo umevunjika, miguu haina habari naye. Uso ulikuwa mzima kabisa, hauna hata mkwaruzo. Kando yake, kwenye stuli, alikaa Asya na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa amevaa gauni la maua.

Asya alisimama mara moja. "Shikamoo, mama. Kaa hapa."

"Marahaba," alisema Bi Dosia. Akakaa. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mke wa mwanawe tangu awe mke wa mwanawe.

Siku kumi na tisa walikaa pale, wanawake wawili na stuli moja, wakipokezana. Asya akiosha, Bi Dosia analisha. Bi Dosia akienda kupika, Asya anageuza mgonjwa. Wakati wa sala ulipofika, Asya alitandika msala wake pembeni ya kitanda, na Bi Dosia akamshika Nihal asimpande mama yake mgongoni. Yeye mwenyewe hakusali. Mwinjilisti Nyange alipokuja kumwona mgonjwa, Bi Dosia alimsindikiza mpaka uani, na hapo ndipo alipomwambia.

"Naogopa kumwomba, Mwinjilisti. Nilimwomba, akanisikia."

Mzee akasema, "Mungu ninayemjua mimi hawasukumi watoto wa watu kutoka mitini."

"Una hakika?"

"Nina imani. Hakika sina."

"Basi niambie alikuwa anafanya nini nilipokuwa nasema maneno yale. Alikuwa anasikiliza au hakuwapo?"

"Sijui, dada yangu," alisema Nyange. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nakuombea ufahamu. Nami niombee, kwa sababu sijui."

Siku ya kumi na mbili Asya alikwenda kufua. Haruni alikuwa macho, homa imemwachia kidogo. Bi Dosia alisogeza stuli.

"Haruni, nilikuombea uanguke."

Alimtazama. "Lini?"

"Miaka yote. Kila Jumatano. Nilimwambia Mungu akuangushe urudi kwangu. Mbele ya watu. Na wakaitikia Amina."

Haruni alitazama dari. Halafu akacheka, kicheko kidogo ambacho kiligeuka kikohozi, na ikabidi mama yake amwinue kichwa.

"Mama, tawi lilikuwa bovu. Nililiona. Nikasema mara hii tu, nikapanda. Usimsingizie Mungu, na weye usijisingizie."

"Unasema kweli, au unanipoza?"

Alifumba macho. "Nipe maji, mama."

Alimpa maji. Haruni akanywa, akalala, na Bi Dosia hakuuliza tena. Mpaka leo hajui ni lipi.

Kifua kilimzidi wiki iliyofuata. Alifariki asubuhi, jua limeshapanda, na wote wawili walikuwapo. Asya aliinama sikioni mwake akamtamkisha shahada polepole, neno kwa neno. Bi Dosia alikuwa ameshika nyayo zake, ambazo hazikuweza kujua kwamba zimeshikwa. Alijaribu kuisema moyoni sala ambayo kila Mkristo anaijua tangu utoto. Alikwama pale anapotakiwa kusema mapenzi ya Mungu yatimizwe. Alirudi mwanzo, akakwama pale pale.

Alipofika nyumbani kuchukua kanga za msiba, sisi tulikuwa tumeshafika. Naona haya kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa: tulikuja na pole mdomoni na shauri mfukoni. Mzee wa kanisa wetu, mtu mwema ambaye hakuwahi kukosa Jumapili, ndiye aliyeanza.

"Bi Dosia, Haruni alibatizwa. Cheti kipo. Mama mzazi ana haki ya mwili. Twende serikalini kwa sheha sasa hivi, kabla watu wa Kiuyu hawajamwosha."

"Usipomdai leo," alisema mwingine, "kesho watasema hatukuwahi kuwa na mtoto huyo."

Nami nikaongeza, "Angalau aombewe na sisi kwanza, mama. Ndiyo haki yake."

Alitutazama mmoja mmoja. Akasema, "Nipeni nafasi," akaingia chumbani. Kilichotutenga kilikuwa pazia tu, na tulimsikia. Ilikuwa mara ya kwanza kuomba kwa sauti tangu Jumanne ile mwanawe alipoanguka.

"Nipe hekima. Si ya kwao, si ya kwangu. Nipe kufahamu, na upesi, kwa sababu wanamzika alasiri."

Muuguzi wetu alikuwa analia. Bi Dosia alipotoka alikuwa amejifunga kanga kichwani, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepata faraja. Ulikuwa wa mtu aliyepata kazi.

"Alikuwa mtu mzima," alisema. "Nilimkataza alipokuwa hai, hakunitii. Sasa hana mdomo, ndiyo nimshinde?"

"Lakini roho yake, Bi Dosia," alisema mzee wa kanisa.

"Roho yake iko kwa aliyeiumba. Siwezi kuivuta kwa kuvuta maiti."

"Utakuwa umemtupa mwanao."

"Nilimtupa miaka minne iliyopita, mlango umefungwa. Leo simtupi." Akaokota kanga zake. "Anayetaka kunisindikiza Kiuyu anisindikize. Asiyetaka, abaki kwa amani."

Mwinjilisti Nyange alisimama. Nami nilisimama, nikiwa nimechelewa kidogo. Wengine walibaki.

Kiuyu alikaa jamvini miongoni mwa wanawake, Asya ubavuni kwake. Hakuna aliyemuuliza yeye ni wa dini gani, walimpa pole kama mama wa maiti. Jeneza lilipoinuliwa, wanaume walianza kwenda nalo kwa haraka, wakipokezana mabega, sauti zao zikipanda. Wanawake hubaki, ndiyo desturi. Bi Dosia aliinuka akaenda mpaka mlangoni, akashika mwimo. Mimi niliyekuwa nje miongoni mwa wanaume niligeuka nikamwona. Hakupiga kelele. Alikuwa anatazama jeneza la mwanawe likipotea nyuma ya migomba, na mkono wake wa kulia ulikuwa unafanya kitu hewani, kidogo kidogo, kama anayenyoosha kitambaa.

Baada ya hapo hali yake kanisani haikuwa njema. Mzee wa kanisa alimpa mkono kwa ubaridi, na wapo waliosema amelegea. Jumatano alikuja, akakaa, zamu yake ikapita kimya. Ilikuwa miezi miwili au mitatu kabla hajasimama.

"Nilidhani mtu akiomba hekima akapewa, moyo hutulia," alisema. "Haukutulia. Siku ile Mungu alinipa hekima ya kutenda, naiamini, maana kwangu isingetoka. Lakini kufahamu hajanipa. Kwa nini aliniachia niseme yale maneno, na kwa nini mtoto akaanguka siku chache kabla ya kuja kwangu, sijui. Naomba msiniombee faraja. Mniombee nifahamu."

Tuliinamisha vichwa. Baada ya muda mzee wa kanisa, kwa sauti ya chini, alisema, "Bwana, tufahamishe," na hakuongeza neno. Huo ndio ulikuwa mkutano wetu mfupi kuliko yote, na nadhani ndio wa kweli zaidi niliowahi kuhudhuria.

Eda ya Asya ilipokwisha, Mzee Kificho alituma salamu kwamba Bi Dosia akitaka kuliona kaburi, yeye mwenyewe atampeleka. Bi Dosia aliniomba nimsindikize. Tulifika asubuhi. Mzee Kificho, mtu mfupi mwenye kofia iliyopauka, alitutangulia kwenye njia ya mihogo mpaka makaburini. Hapakuwa na jina wala msalaba, ila mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, na majani yalikuwa yameanza kuota.

"Ni huyu," alisema.

"Naweza kuomba, mkwe?"

"Omba, Bi Dosia. Nami nitaomba yangu."

Wakasimama, huyu ameinua viganja, huyu amefumba mikono. Sikusikia walichosema. Mzee Kificho alimaliza kwanza, akangoja. Bi Dosia alipofumbua macho, hakuondoka. Aliketi juu ya shina la mnazi ulioanguka, na mzee, baada ya kusitasita, akaketi upande wa pili wa shina hilo.

"Mkwe," alisema Bi Dosia, "kwenu alikuwa akila vizuri?"

Mzee Kificho alimtazama. "Akila. Kwa nini asile?"

"Miaka minne mimi simjui. Niambie. Akipenda nini?"

"Muhogo wa nazi kwa papa."

"Papa? Kwangu hakumgusa. Akisema ananuka."

"Kwetu akiomba aongezwe."

Bi Dosia aliinama. Mzee Kificho akakuna shavu, akitafuta. "Asubuhi akiimba. Akichota maji, akiimba. Sijui nini, nadhani nyimbo zenu. Wenzangu walinambia nimkataze. Sikumkataza."

Mabega ya Bi Dosia yalianza kutikisika. Nilitaka kumsogelea, mzee akanionyesha kwa mkono nimwache.

"Na nini tena?" aliuliza, kanga imefunika mdomo wake.

"Akikoroma, mkwe. Nyumba nzima tukimsikia."

"Baba yake naye," alisema Bi Dosia, akacheka, na kicheko kikamkatikia njiani.

Gari la kuturudisha Wete lilipiga honi barabarani, likasubiri kidogo, likaenda zake. Mzee Kificho alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akaendelea kumwambia.